Mabega ya Bulaimu

Nianze na hili, ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba nilificha. Mimi Amisa, muuza chumvi na mawese, nilikuwa mwandishi wa komite ya kijiji. Kalamu ilikuwa yangu. Kwa hiyo mkinisikia napandisha sauti humu, mjue nusu ya hasira hiyo najipiga nayo mwenyewe.

Bulaimu ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Ukikutana naye njiani hutageuka kumtazama mara ya pili. Mfupi, miguu imepinda kidogo, shati moja la kazi na moja la Ijumaa. Analima mihogo na karanga kama kila mtu. Hajui kusoma. Hapendi maneno, na mimi maneno ndiyo chakula changu, kwa hiyo miaka thelathini tumeishi ua mmoja tukigombana: mimi nasema, yeye anakohoa. Akikohoa mara mbili, ujue amekataa.

Kijiji chetu kiko upande wa Wamaza, ndani kidogo. Mimi ni mtoto wa Kasongo mjini, wa ukoo wa wenye maduka, na nilipoolewa huku dada zangu walinicheka mpaka wakashika mbavu. Walisema nitazaa shambani kama mbuzi. Hawakukosea sana. Huku tuna nesi mmoja, Chimène, na vidonge vyake katika nyumba ya matofali mabichi. Daktari wa kupasua yuko mbali, mwendo wa saa nane kwa mguu, na mito mitatu ya kuvuka juu ya magogo. Mgonjwa anayeweza kukaa hubanwa juu ya pikipiki, dereva mbele, ndugu nyuma, anafika. Asiyeweza kukaa hubebwa. Na mwenye kazi hiyo ya kubeba alikuwa Bulaimu.

Aliirithi kwa baba yake. Kifaa chenyewe tunakiita kipoyi: mianzi miwili mirefu, katikati kitanda cha kamba za msituni, juu yake kivuli cha majani. Wabebaji ni wanane. Wanne wanabeba, wanne wanatembea pembeni wakipumua, na wanapokezana bila kusimama. Watu wanadhani kubeba ni nguvu. Nguvu gani! Wenye nguvu ndio waliokuwa wakimwaga wagonjwa matopeni. Bulaimu aliwafundisha vijana kwa beseni la maji. Analijaza mpaka ukingoni, analiweka juu ya kipoyi, anawaambia wazunguke kijiji kizima. Aliyemwaga anarudi kisimani. Siri ilikuwa kwenye miguu: wanne wakikanyaga pamoja kama askari, kitanda kinarukaruka na mgonjwa anaumia, kwa hiyo kila mmoja alipaswa kuwa na hatua yake, asifanane na mwenzake. Wa mbele anaita njia, "Jiwe!", "Shimo, kuume!", na wa nyuma anaitika. Malipo hakuna. Mgonjwa akipona, kwao wanapika kuku na bugali, na mama aliyebebwa anachukua mawese anawapaka wabebaji mabega kwa mikono yake. Basi, mambo yamekwisha.

Na mimi nimeyapaka mabega hayo. Mimba yangu ya tatu mtoto alikuja kwa miguu, nikaumwa siku mbili, na mvua haikatiki. Bulaimu alishika mbele kushoto. Nilimtukana njia nzima, nikamtukana mdogo wake aliyenioa, nikamtukana na mama yao aliyewazaa. Alichonijibu ni kimoja tu: "Mto huu, shemeji. Shikilia." Yassine, mtoto wa siku ile, leo anasoma Kasongo na amenipita kwa urefu. Likae hilo kichwani mwenu, ndipo msikie nilichokuja kumfanyia mtu huyu.

Mwaka mmoja ikaja habari kwamba kuna shirika la wafadhili, linatafuta kijiji cha kufanya nacho kazi juu ya akina mama wanaojifungua. Zuberi, mwenye duka la betri na sabuni, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa komite yetu. Alirudi kutoka Kasongo macho yanawaka, akatukusanya wote katika darasa la shule.

"Musikie," akasema. "Hawa watu watapita vijiji vitano, watachagua kimoja. Watachagua chenye shida kupita vingine. Mukisema muko na kipoyi, muko na wabebaji, watasema hawa wanajiweza, watapeleka kwa wengine. Kwa hiyo sisi hatuna kitu. Munasikia? Hatuna kitu."

Na mimi? Mimi niliona ni akili. Wallahi, niliona ni akili kubwa. Tumezoea. Tangu vita, kila mwenye gari jeupe anauliza una nini, na ukisema una kuku wawili anakufuta kwenye orodha ya maharage. Tukajifunza kujivua nguo mbele ya mgeni. Nikasimama, nikasema Zuberi anasema kweli, kisha nikamgeukia shemeji yangu mbele ya watu wote: "Kile kipoyi ukifiche. Kitatupatisha haya. Watasema tunabebana kama wakati wa Wabelgiji."

Bulaimu akakohoa mara mbili. Nikamwambia akohoe mpaka kesho, lakini akifiche. Asubuhi yake nilikwenda mwenyewe kuhakikisha. Kilikuwa kimelala ndani ya zizi la mbuzi, chini ya majani makavu ya karanga.

Aliyetumwa na shirika ni Grégoire, mtu wa Kindu, kijana wa miwani, matope mpaka magotini. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ikanishinda. Hakukaa kwenye kiti cha wageni, alikaa kwenye benchi la wanafunzi na magoti yakamfika kidevuni. Akasema, "Hatukuja kutoa sadaka. Tumekuja kutafuta ubia. Ubia ni watu wawili, kila mumoja analeta chake. Sisi tuko na pikipiki moja na mafuta ya miaka miwili. Ninyi muko na nini?"

Zuberi akainuka, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akasema hatuna kitu.

Grégoire akauliza kwa njia nyingine. "Mama akizidiwa leo, sisi hatujafika bado, munafanya nini?"

"Hatuna kitu, patron," Zuberi akasema tena.

Mara ya tatu Grégoire hakuwauliza wa komite. Alitazama watu waliosimama ukutani, macho yake yakatua kwa Bulaimu. "Na wewe, papa? Ukisikia mwanamuke analia ndani ya nyumba, wewe unafanya nini?"

Bulaimu aliniangalia. Jamani, yale macho! Mtu aliyebeba wanawake mia na zaidi, na mimi mmoja wao, na mwanangu. Nikamkazia macho. Nikatikisa kichwa kidogo, hivi, ili mgeni asione. Bulaimu akainama, akasema, "Tunaomba Mungu."

Nikaandika.

Tukashinda, bila shaka. Pikipiki ikaja, nyekundu, na nyuma yake kitanda cha chuma chenye magurudumu na turubai, tukaiita ambulansi. Shirika likatengeneza magogo ya mito yote mitatu, likaleta dereva kutoka Kasongo, na mafuta kwenye madumu. Siku ya sherehe nilicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Na nisikufuru: ilifanya kazi. Njia ya saa nane ikawa ya saa mbili na nusu. Miaka miwili ile hatukuzika mama hata mmoja kwa uzazi, hata mmoja, na mtu akiniambia wafadhili wote ni waongo namwonyesha watoto wanaokimbia hapa uani.

Lakini kipoyi kilikuwa kinaoza zizini. Beseni la mazoezi likarudi kuwa la kufulia. Vijana hawakuitwa tena, na kule Salamabila dhahabu inaita kila siku, basi wakaondoka mmoja mmoja na sururu begani. Kasimu naye akaondoka. Huyo alikuwa mbebaji bora kuliko wote, mtu wa mbele kulia, Bulaimu alimpenda mpaka akamwoza binti yake Falonne.

Falonne nimweleze, maana watu hapa sasa wanamtaja kwa kunong'ona tu, na yeye hakuwa mtu wa kunong'onwa. Jina alipewa na mama yake, Léontine, Mkristo, aliyefariki Falonne akiwa na miaka tisa. Tangu hapo mimi na baba yake tulimlea, mimi kwa kelele na yeye kwa kukohoa. Alikuwa anauza mandazi mlangoni mwa shule. Alikuwa mchokozi! Akikaa mezani, baba yake akiambiwa jambo, Falonne anakohoa mara mbili kabla yake, na ni hapo tu katika maisha yangu nimeona Bulaimu anacheka mpaka machozi. Kasimu alipokwenda Salamabila, Falonne alirudi kukaa kwa baba yake, akisema mume atarudi na bati za nyumba. Kasimu alirudi mara mbili, bila bati, na mara ya pili alimwachia mimba.

Miaka miwili ikaisha. Grégoire akaja kukabidhi. Makaratasi yalisema kuanzia siku ile kijiji kitatunza pikipiki chenyewe. Nikasoma, nikatia saini, sikujiuliza kwa kitu gani. Wakati wa kuondoka gari lake likazama matopeni karibu na zizi letu. Wazee watatu wakavua mashati kusukuma, Bulaimu mmoja wao. Gari likatoka. Grégoire hakuingia garini. Alikuwa ameganda anatazama migongo yao.

"Papa Bulaimu," akasema, "kwa nini wazee wote wa hapa wako na nundu pahali pamoja, kwenye bega?"

Nilitaka kuruka niseme ni kuni. Bulaimu akanitangulia. Alisema kwa muda mrefu. Sijawahi kumsikia akisema hivyo, si kwenye ndoa, si kwenye matanga. Alieleza wanane, beseni, hatua zisizofanana, mawese. Kisha akamshika mkono akampeleka zizini, akaondoa majani. Mchwa walikuwa wamekula mwanzi mmoja wote. Ukiushika unabaki unga.

Grégoire akakaa chini palepale kwenye mavi ya mbuzi, na suruali yake nzuri. Akanigeukia mimi. "Mama Amisa, kwa nini hamukuniambia?"

"Ulikuja kutafuta masikini," nikamjibu. Sikuwa na haya hata kidogo.

"Nilikuja kutafuta wabia," akasema. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha, bado chafu. "Kuna kijiji kimoja kule mulimani walituonyesha wabebaji wao siku ya kwanza. Tuliwapa viatu, makoti ya mvua, kitanda chepesi. Wao wanabeba mpaka barabara, pikipiki inapokea. Pikipiki ikikufa, wao wanaendelea mpaka mwisho. Sisi tuliondoka kule miaka sita imepita, na wanabeba mpaka leo. Mambo ya kudumu yalikuwa ni ya kwao. Sisi tuliongeza tu." Akagusa mwanzi ulioliwa. "Ninyi mulikuwa nayo."

Tukamwomba aanze upya na sisi. Akasema mpango umefungwa, saini yangu imekwisha kukauka, pesa zimekwenda wilaya nyingine. Hakusema kwa jeuri, alisema kama mtu anayeumwa tumbo. Akamshika Bulaimu bega, palepale penye nundu. "Anza tena, papa. Anza mbele pikipiki haijaharibika."

Bulaimu akaanza. Akakata mianzi mipya, akasuka kamba wiki mbili. Akaita vijana siku ya Jumamosi. Walikuja sita, wanacheka. Mmoja akauliza posho ni ngapi, maana kwa shirika hata kukaa kwenye mkutano kulikuwa na posho. Mwingine akasema, "Papa, ambulansi iko. Unatuchokesha bure." Beseni likamwagika kabla hawajapita nyumba ya pili, wakaangua kicheko, wakatawanyika. Falonne, na tumbo lake linaanza kuonekana, akaokota beseni akalirudisha nyumbani.

Na mimi, mwandishi wa komite, nikamwambia shemeji yangu: "Acha kujipatisha haya. Watu wamekwisha kuendelea." Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Mwezi wa nne baada ya shirika kuondoka, pikipiki ikafa, giaboksi. Dereva alikuwa amekwisha kurudi kwao Kasongo, hakuna wa kumlipa. Zuberi akaiweka uani kwake chini ya turubai. Ukiuliza, kipuri kinakuja. Tukafanya mikutano mitatu juu ya kipuri. Kuku wa Zuberi wakaanza kutaga kwenye kile kitanda cha chuma.

Falonne alishikwa na uchungu alfajiri ya Jumanne, katikati ya masika. Saa moja Chimène alitoka nje akanivuta pembeni. "Mutoto amekingama, Mama Amisa. Mukono umetoka mbele. Hapa mimi siwezi. Apasuliwe leo, mbele ya jioni, ao tunawapoteza wote wawili."

Tukampandisha kwenye pikipiki ya kawaida ya kukodi, dereva wake mbele, mimi nyuma. Haikufika hatua kumi. Alizimia akaniangukia mikononi, na dereva akasema yeye hawezi kubeba maiti njiani. Nilimpiga kofi yule kijana. Halikusaidia kitu, lakini nilimpiga.

Bulaimu alikuwa amekwisha kutoa kipoyi kipya nje. Akaingia njiani kutafuta watu, nyumba kwa nyumba, na mimi nyuma yake. Nyumba ya kwanza wakauliza, "Na ambulansi?" Ya pili, bwana ana ngiri. Ya tatu amekwenda shamba. Ya nne mke wake alisema hayuko, na ndala zake ziko mlangoni, nikazipiga teke mpaka ndani. Kijana mmoja akasema angependa, lakini hajui kubeba, ataangusha mtu. Huyo alisema kweli. Wengine hawakuwa wabaya; walisema tuite komite. Komite! Komite ndiyo mimi nilikuwa nimesimama pale nalia!

Bulaimu hakugombana na mtu. Kila mlango alisema maneno yaleyale, kofia mkononi: "Mutoto wangu anakufa. Nakuomba bega." Saa tatu tulikuwa na wanne: yeye mwenyewe, miaka sitini na kitu, Ibrahim, mbebaji wa zamani mwenye goti bovu, Héritier, mwalimu, ambaye hajawahi kubeba ila chaki, na Zuberi, mnene, anatoka jasho kabla hajagusa mti. Wa kupokezana, hakuna hata mmoja. Bulaimu akawatazama. Akasema twende.

Mwanzoni Falonne alikuwa amezinduka, ana akili zake. Alisema, "Baba, umezeeka. Unishushe, mimi nitatembea." Bulaimu akakohoa mara mbili, na Falonne akacheka, nawaapia, alicheka, kisha uchungu ukamkata. Zuberi na Héritier walikanyaga pamoja kama askari, haikuwa kosa lao, hakuna aliyewafundisha, na kitanda kiliruka, na kila kikiruka alipiga yowe. Hatua mia mbili, tunapumzika. Hatua mia, tunapumzika. Mto wa kwanza, ambao wabebaji wa zamani waliuvuka kabla jua halijachoma, sisi tuliufikia saa sita mchana. Hapo goti la Ibrahim likakataa. Akakaa ukingoni, akatupungia mkono tuende, analia kwa sauti kama mtoto mdogo.

Kwetu mwanamke habebi kipoyi. Nilifunga kitenge, nikaingiza bega langu mahali pa Ibrahim, nyuma kushoto. Mti ule ulinila nyama. Kichwa cha Falonne kilikuwa karibu na shavu langu. Bulaimu, mbele, alianza kuita njia. "Jiwe!" Nikaitika, "Jiwe!" "Shimo, kuume!" "Shimo, kuume!" Falonne akaomba maji, nikamlowesha midomo. Akaniambia, "Mama mudogo, umwambie Kasimu nyumba iwe na dirisha mbili." Nikamwambia atamwambia mwenyewe. Mvua ikaanza.

Kabla ya mto wa pili niligeuza uso kumwangalia, macho yake yalikuwa wazi na mvua inaingia ndani yake, naye hayafumbi.

Nilijua. Hakuna aliyejua ila mimi. Mbele yangu niliona mgongo wa Bulaimu, shati limegandamana na mwili, shingo imekaza, na akaita, "Mzizi!" Nikaitika, "Mzizi!" Ningesema nini? Ningeanzia wapi? Akaita, "Utelezi, taratibu!" Nikaitika. Tulikwenda hivyo, sijui saa nzima, sijui nusu, yeye anamtafutia binti yake njia nzuri na mimi namwitikia. Tukavuka mto wa pili. Alivuka polepole sana, kila gogo analipapasa kwanza kwa kidole cha mguu, ili asimtikise.

Ng'ambo akasema bila kugeuka, "Shemeji, mbona amenyamaza?"

Akaita njia tena, sikuitika. Ndipo akasimama. Tukashusha. Alimfumba macho, akamfunika na shati lake, akakaa katika mvua kifua wazi, mkono wake juu ya tumbo la binti yake, ambamo na yule mwingine alikuwa amekwisha kutulia. Zuberi akasema, "Nisamehe, Bulaimu." Akasema tena. Bulaimu hakumtazama, wala mimi hakunitazama, na mpaka leo hajanitazama sawasawa. Tukageuka, tukambeba kurudi.

Habari za kifo hazihitaji pikipiki. Kesho yake adhuhuri uwanja wetu ulijaa. Watu walitoka Wamaza, walitoka vijiji vya jirani, wa kanisani na wa msikitini. Vijana wa Salamabila walifika kwa pikipiki nane, wawiliwawili, matope ya machimbo bado kwenye suruali, na Kasimu katikati yao anashikiliwa mikono. Yule wa ngiri alikuja. Yule wa ndala alikuja, mbele kabisa. Kwetu jeneza kila mtu anataka kulitia bega, ni thawabu, hakuna anayetaka kukosa. Lilipotoka mlangoni wakalirukia wanaume arobaini, hamsini, wanasukumana, mmoja anamtoa mwenzake, mwingine anapenyeza bega hata pasipo na nafasi.

"Wekeni chini," Bulaimu akasema.

Hawakusikia. Akasema tena kwa sauti ambayo sikujua anayo, na jeneza likashuka.

Aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka. "Jana nilikosa wane," akasema. "Wane tu. Nilipita kila mulango."

Kasimu akakaa chini, akajifunika uso. Bulaimu akangoja, nafikiri kweli alikuwa anangoja mtu amweleze. Kisha akasogea pembeni, akawapa njia. "Mubebeni," akasema.

Wakamwinua. Makaburi yetu yako nyuma ya shule tu, hatua mia mbili hivi. Walipokezana njia yote, kila mtu alipata zamu yake, na hakuna hata mmoja aliyechoka.